Nitarudi na Kusi

Baba yangu hajawahi kushika usukani wa pikipiki, lakini ndiye aliyeigeuza safari yangu miguu juu siku ya kwanza nilipomwonyesha.

Tulikuwa barazani kwake Pangani, Jumapili moja ya mwezi wa Pili. Nilikuwa nimemtandikia ramani mkekani. Nimeichora mwenyewe kwenye karatasi nne za daftari la hesabu nilizoziunga kwa gundi: Horohoro juu kabisa, Msimbati chini kabisa, na katikati mstari mwekundu wa barabara. Nikamweleza. Nitaanzia mpakani Horohoro, nishuke Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam, Kilwa, Lindi, Mtwara, mpaka kwenye mchanga wa Msimbati, jirani na mdomo wa Ruvuma. Mwezi wa Saba, masika yakiwa yamekatika na barabara zimekauka. Peke yangu, kwa pikipiki yangu.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwezi wa Saba?"

"Naam, baba."

"Na unakwenda kusini?"

"Naam."

Akaweka kikombe cha kahawa chini. "Mwanangu, mwezi wa Saba chombo hakiendi kusini. Mwezi wa Saba chombo kinatoka kusini."

Baba alikuwa baharia wa majahazi kwa miaka 26. Pwani hii anaijua kutoka upande wa maji. Kwake mwaka una pepo mbili kubwa: kaskazi, inayovuma kuanzia mwezi wa Kumi na Mbili mpaka wa Tatu hivi, na kusi, inayoshika baada ya hapo mpaka karibu na mwezi wa Tisa au wa Kumi. Katikati kuna maleleji, bahari inapotulia na upepo haujui uende wapi. Chombo kinashuka na kaskazi na kupanda na kusi. Huendi kinyume ila una shida kubwa.

Nilimjibu kwa heshima kwamba pikipiki haina tanga. Akanitazama tu, akasema, "Kajaribu."

Nikajaribu. Jumamosi iliyofuata nilijaza tenki mpaka shingoni Tanga mjini, nikatoka mchana kwenda Horohoro, kilomita kama 65 za lami nzuri, kaskazi ikinijia usoni. Mwendo wangu 70 bila kuzidi. Horohoro nikajaza tena: lita 1.9. Nikageuza, nikarudi kwa mwendo uleule, upepo mgongoni. Tanga nikajaza: lita 1.5. Pikipiki ileile, barabara ileile, mchana uleule. Na si mafuta peke yake. Kwenda, shingo ilikuwa imekakamaa na mikono inavutana na usukani; kurudi, nilikuwa nasikia injini yangu vizuri kama niko uani kwangu. Nikazidisha hiyo tofauti kwa siku kumi na mbili, nikampigia baba simu jioni ileile. Nikamwambia nitaanzia Msimbati.

"Umefanya vizuri," akasema. "Utarudi na kusi kama watu."

Nijieleze kidogo. Mimi ni afisa mifugo. Kwa miaka 11 nimezunguka vijiji vya Muheza juu ya pikipiki, nachanja kuku dhidi ya ugonjwa wa mdondo, natibu mbuzi, nazalisha ng'ombe saa nane za usiku kwa mwanga wa tochi ya simu. Matope ya masika nayajua, makorongo nayajua, na kupita njia ya mguu katikati ya michungwa nimebeba kiboksi cha barafu cha chanjo nakujua pia. Nisichokijua ni umbali. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kutoka nje ya mkoa kwa pikipiki. Na pwani niliyozaliwa naijua kwa masikio: Sudi, Kiswere, Kivinje, Simba Uranga, Kisiju. Hayo ni majina ya utotoni mwangu, baba akiyataja usiku kama mwingine anavyotaja majina ya ndugu zake. Nina umri wa miaka 38 na hakuna hata moja nililoliona kwa macho. Mwaka huu nimeomba likizo yangu yote kwa mpigo.

Sasa jambo lililonishangaza kuliko yote katika kupanga, na ambalo ningependa kila mwenye ndoto kama yangu alijue mapema: barabara ya pwani haiandami pwani. Nilipochora ule mstari mwekundu nilidhani nitakuwa na bahari pembeni siku zote. Ukitoka Mtwara mpaka Horohoro kwa lami, bahari unaiona sehemu chache mno. Unaiona Mikindani, unaiona Lindi na upande wa Mchinga, unainusa Somanga, kisha Dar, Bagamoyo, Tanga. Kwingine kote iko upande wa kulia nyuma ya mikorosho na minazi, kilomita tano, 20, na ukifika Segera imekuacha hata 50. Watu wanahesabu pwani yetu kuwa na zaidi ya kilomita 1,400. Mimi kwa barabara nimepata kama 1,000. Hizo nyingine ni kona ambazo barabara imezikata.

Na anayeikatisha kona ni mto. Hili nililielewa baada ya wiki nzima ya kutazama ramani usiku. Mto ukikaribia bahari hulegea: unatanuka, unagawanyika matawi, unajaa matope na mikoko. Ni vigumu kujenga daraja mahali kama hapo. Mara nyingi daraja linajengwa juu zaidi, mto unapokuwa na kingo ngumu na upana wa kupimika, na barabara nzima inalazimika kupanda bara kulifuata daraja. Nikaandika mito yangu kwenye ukurasa mmoja: Ruvuma, Lukuledi, Mbwemkuru, Matandu, Rufiji, Ruvu, Wami, Pangani, Sigi. Tisa. Ruvuma siivuki, naanzia kando yake. Minane iliyobaki ndiyo iliyoniamulia nipite wapi na nilale wapi.

Rufiji ndio mkubwa wao. Daraja la Mkapa, lenye mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo magari yalivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mto ukijaa abiria walikwama ng'ambo. Huko chini, mto unapogawanyika kuelekea baharini, ndiko baba na wenzake walikoingia na jahazi kupitia mlango wa Simba Uranga kupakia boriti za mikoko. Aliwahi kuniambia walikuwa wakisubiri maji yajae ndipo waingie, na wakisubiri tena yajae ndipo watoke, na katikati mbu. Baba anaijua Rufiji kwa mdomo, mimi nitaijua kwa shingo. Lakini sikutaka kuridhika na shingo tu. Kwa hiyo kwa kila mto nilijiuliza: je, kuna njia ya kuchepuka nishuke mpaka majini, nilale au nirudi siku hiyohiyo? Kwa Rufiji nimepata: ukifika Bungu unaiacha lami, unashuka Nyamisati, bandari ndogo ambako maboti ya Mafia yanaondokea. Huko nitaiona mikoko yenyewe. Hiyo ni siku nzima kwa ajili ya kutazama maji ya matope, na nimeiweka bila kusita.

Barabara yenyewe ya kusini naiheshimu. Mwezi wa Tano mwaka 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoongezeka juu ya masika yaliyokuwa yameshajaza mito, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatenganishwa na Dar. Nilikuwa na rafiki wa chuoni upande ule, akawa ananitumia picha za magari yamepanga foleni mpaka macho yanaishia. Ndiyo maana mtu akiniambia nitoke mwezi wa Nne kwa sababu likizo za shule zinaangukia huko, simsikilizi. Hata mwezi wa Saba si mkavu kabisa kwetu. Kuna mvua za mchoo, zinakuja kwa kusi, dakika ishirini zinalowesha kila kitu kisha jua linawaka. Koti la mvua halitakaa ndani ya begi, litakaa juu kabisa, mahali mkono unapofika bila kushuka.

Pikipiki ni Boxer 150, nimeinunua mkononi mwa mtu miaka mitatu iliyopita. Wako watakaosema safari kama hii inataka pikipiki kubwa. Mimi nasema inataka pikipiki ambayo kila kijiji kina fundi wake, na kuanzia Msimbati mpaka Horohoro sidhani kama kuna kituo cha bodaboda ambacho hutapata mtu mwenye plagi, waya wa klachi na tairi la Boxer. Nikiharibikiwa Mbwemkuru saa nane mchana, hilo ndilo litakaloniokoa. Tenki linachukua lita 11. Nikiwa na mzigo na upepo mgongoni nahesabu kilomita 40 kwa lita, na sheria yangu ni kwamba tenki likifika nusu, natafuta sheli. Petroli ya chupa sitanunua. Kwenye kazi yangu nimeshaona pikipiki nyingi zikikohoa kwa mafuta yaliyochanganywa.

Mzigo ndio ulionifundisha kwa uchungu.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa Tatu, kabla masika hayajaanza kupiga, nilifunga kila kitu nilichodhani nitakihitaji, nikatoka Muheza kwenda Pangani kwa njia ya vumbi, kilomita kama 45, nione pikipiki itabebaje. Begi kubwa nilikuwa nimeliweka nyuma kabisa ya keria ili mimi nipate nafasi ya kukaa. Mpaka nusu ya njia nilikuwa na furaha. Kitu kimoja tu hakikunipendeza: kwenye kona, usukani ulikuwa mwepesi, kama gurudumu la mbele limeinuliwa na mtu. Nikasema ni vumbi.

Karibu na Boza nikasikia mlio, kama kijiko kinachogonga sufuria. Tik, tik, tik, kisha kitu kikanyamaza na nyuma yangu pakazama upande wa kushoto. Nikasimama taratibu. Bolti ya nyuma ya keria, upande wa kushoto, ilikuwa imekatika, kichwa kimeanguka njiani na nusu yake imebaki ndani ya fremu, inang'aa pale ilipokatikia kama sarafu mpya. Begi lilikuwa limelalia ekzosi. Nilipolinyanyua, koti langu la mvua lililokuwa mfuko wa pembeni lilikuwa limeyeyuka na kugandia kwenye chuma. Harufu yake ilibaki puani mpaka jioni. Sentimita mbili zaidi, begi lingeingia kwenye spoki.

Nilikaa chini ya mkorosho robo saa, mpaka mikono ilipotulia. Kisha nikatoa mipira ya tyubu, zile kanda tunazofungia mizigo, nikaifunga keria kwenye fremu kwa mizunguko sita, begi nikalileta mbele na kulikalia karibu nusu. Nikafika Pangani mwendo wa 25.

Fundi wa pale, kijana mdogo kuliko nilivyotegemea, aliitoboa ile nusu ya bolti kwa drili, akaweka nene zaidi, akachomelea na kipande cha chuma kutoka keria mpaka kwenye fremu. Wakati anafanya kazi akaniambia maneno ambayo nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari la safari: "Dada, bolti haina kosa. Mzigo umekaa nyuma ya ekseli. Kila shimo unaruka kama nyundo, na mbele unakunyanyua." Akanionyesha kwa mkono: akaweka kidole kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, akakipandisha juu wima. "Uzito wote usivuke hapa."

Niliporudi nyumbani nikatoa mizani ya kuning'iniza ninayopimia mbuzi, nikaipachika kwenye tawi la mwembe, nikapima begi. Kilo 31. Nimepima mbuzi waliokomaa wasiofika hapo. Nikaanza kutoa kimoja kimoja. Jiko dogo la gesi likatoka, kwa sababu pwani yetu haina mahali pa kukosa mama ntilie. Jozi ya tatu ya nguo ikatoka. Blanketi ikatoka, khanga mbili zikaingia. Sasa nimefika kilo 18 na nusu, zimegawanyika mifuko miwili inayoning'inia pembeni, mbele ya ekseli, na juu pamebaki koti na maji.

Vifaa sijavipunguza. Tyubu moja, ambayo ukiibembeleza inaingia mbele na nyuma. Viraka, solusheni, pampu, spana za kufungulia magurudumu yote mawili, plagi, loki ya cheni, nusu lita ya oili. Waya mpya wa klachi sikuuweka begini: nimeulaza kando ya ule unaotumika, umefungwa kwa tepu kutoka usukani mpaka injini, ili siku wa zamani ukikatika nihamishe ncha mbili tu. Na gurudumu la nyuma nimelifungua na kulirudisha mara nne uani kwangu. Mara ya kwanza ilinichukua saa nzima na robo, nikalia kwa hasira. Mara ya nne dakika 35.

Mchanga nao nimeufanyia mazoezi. Njia ya Msimbati, kama kilomita 40 kutoka Mtwara, ikikaribia bahari inakuwa mchanga mzito, na kwenye matope ninakozoea mimi sheria ni tofauti. Nimekuwa nikienda kwa baba mwisho wa wiki, alfajiri maji yakiwa yametoka, na kuendesha juu ya ufuko: kupunguza upepo wa matairi kidogo, kukaa nyuma, kutazama mbali, na zaidi ya yote kutogusa breki ya mbele. Nimeanguka mara tano. Mchanga unapokea vizuri.

Kitu kilichonichukua muda mrefu kukubali ni Saadani. Kwenye ramani inavutia kuliko zote: kutoka Bagamoyo uvuke Wami huko chini, upite katikati ya hifadhi, bahari kulia, utokee Mkwaja na Pangani. Saadani ndiyo hifadhi ya taifa yetu yenye ufuko wa Bahari ya Hindi. Ingekuwa ndiyo sehemu pekee ambako ningeandama pwani kweli. Lakini pikipiki haziruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa, na sababu zake ninazielewa vizuri. Nimeona nyati aliyejeruhiwa anavyofanya. Kwa hiyo kutoka Bagamoyo nitapanda bara kwa ile barabara ya lami ya kilomita 64 mpaka Msata, nivuke Wami kwenye daraja jipya, nipite Mkata mpaka Segera na kuingia Muheza. Maana yake usiku wa tisa wa safari nitalala kitandani kwangu mwenyewe, kisha asubuhi niamke niendelee na safari kana kwamba nimelala gesti. Nimeshawaambia majirani wasinipikie.

Siku inayofuata ndiyo nitakayoifidia Saadani. Nitashuka Pangani, nipande kivuko kwenda Bweni, nielekee kusini kwa Ushongo na Mkwaja mpaka pale ambapo pikipiki inaruhusiwa, nisimame, nigeuze. Mkwaja nina hamu nayo ya kikazi. Palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe, ikafungwa mwaka 2000 na ardhi yake kuingizwa hifadhini. Walipambana miaka na mbung'o na vichaka vinavyomeza malisho. Hilo ni somo la darasani kwetu, na mimi nataka kusimama pale na kuona vichaka vyenyewe. Kwa sababu ya mbung'o pia sitavaa bluu wala nyeusi siku hiyo. Mitego ya mbung'o tunaishona kwa vitambaa vya rangi hizo hizo, kwa kuwa ndizo wanazozifuata, na wanapenda kitu kinachotembea. Koti langu jipya, lililochukua nafasi ya lile lililoyeyuka, ni la kijivu.

Shangazi alinipigia simu aliposikia. Nilidhani atasema mwanamke peke yake, mpaka Mtwara, watu watasemaje. Hakusema. Alisema, "Mabasi, mwanangu. Mimi naogopa mabasi."

Naye ana haki. Mimi pia nayaogopa, na nusu ya mpango wangu umejengwa juu ya hofu hiyo. Nitatoka saa kumi na mbili na nusu, kukiwa kumeshapambazuka, na saa tisa niwe nimeshuka barabarani, liwe liwalo. Usiku sitaendesha hata kilomita moja. Basi likija mbele yangu huku linapita gari jingine, halitarudi upande wake kwa ajili ya pikipiki, kwa hiyo mimi ndiye wa kuiacha lami. Na ukingo wa lami mahali pengine umeinuka kama ngazi. Nimefanya mazoezi ya kushuka ukingo huo na kupanda tena bila kugonga kwa pembeni: unapunguza, unanyoosha usukani, unashuka kwa pembe, hushuki sambamba. Kofia nimenunua ya kuziba uso mzima, imenigharimu zaidi ya mafuta ya safari yote. Kila jioni nitampigia shangazi. Tumekubaliana kwamba nisipopiga mpaka saa mbili, yeye atapiga, na nisipopokea ataanza na namba ya gesti ambayo nitakuwa nimemtumia mchana.

Hesabu ya fedha haikunitisha kama nilivyodhani. Nikijumlisha michepuko yote napata kilomita kama 1,400, yaani lita 35, na nimeweka elfu tatu kwa lita. Gesti nimeweka elfu 25 kwa usiku. Kubwa lililobaki ni kuifikisha pikipiki Mtwara. Mwezi wa Saba machungwa ya Muheza yanakuwa yamepamba moto, na dereva wa roli ninayemfahamu atanibeba mimi na pikipiki mpaka Dar pamoja na mzigo wake. Kutoka hapo kuna maroli ya saruji yanayoleta mzigo kutoka Mtwara na kurudi matupu; mmoja wa madereva wao ameshakubali. Nitashuka kusini kwa siku mbili nikiwa abiria, nikiitazama barabara kutoka juu, na daftari mapajani niandike kila daraja bovu na kila sheli.

Kilwa nimeipa siku mbili, karibu kilomita 200 kutoka Lindi. Pikipiki itabaki Kilwa Masoko, mimi nichukue kibali na kuvuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331. Baba alifika pia, mara nyingi, na hakuwahi kupanda juu kuuona msikiti mkuu wala Husuni Kubwa, lile jumba la kale la sultani. "Tulikuwa tunangoja maji," anasema. "Nani angeacha chombo?" Amenituma nipige picha nyingi, na niwapige picha na wavuvi, si kuta tu. Nikitoka Kilwa nitaingia Kivinje, kisha Somanga kula samaki wa kukaanga. Dar nitaipita Jumapili asubuhi, kwa Kongowe na Kilwa Road, wakati watu wamelala.

Juzi nilirudi kwa baba na ramani mpya, mstari mwekundu sasa una mishale ya kupanda. Aliishika karibu na macho, akaitazama kwa muda, kidole kikienda kutoka Msimbati kwenda juu. Kikasimama Mikindani.

"Hapa mlango ni mwembamba," akasema. "Tulikuwa tunashika alama ya mbuyu."

Akaniomba kalamu. Kwenye karatasi ya nne, pembeni, akachora shina nene, matawi mawili marefu upande wa kushoto na moja fupi lililokatika upande wa kulia. Mkono wake unatetemeka siku hizi, lakini lile tawi lililokatika alilirudia mara mbili mpaka likakaa alivyotaka. Akasema mbuyu na ncha ya mwamba vikikaa mstari mmoja, unaingia. Ukiuona mbuyu umesogea kulia, unarudi nje.

Nikamuuliza kama bado upo. Akasema ndicho anachotaka nikamtazamie.

"Usiwaulize watu wa mjini. Wao wanauona kwa nchi kavu, mibuyu iko mingi. Panda mtumbwi, toka nje kidogo, kisha ugeuke."

Nimeongeza nusu siku Mikindani, na shilingi elfu kumi za mtumbwi.